Pensi za jinzi za kazi kwenye joto hili la Dar: tupeane uzoefu

mdau_ilala
Wakuu, kaskazi ndiyo hiyo imeingia. Pita Kariakoo uone wapakia mizigo na vijana wa spea walivyogeuza suruali za jinzi kuwa pensi. Nyingi zimekatwa vibaya na hazimalizi msimu. Wenye kujua kitambaa, mshono na ufuaji, mwageni hapa.

Naanza na uzito. Jinzi hupimwa kwa wakia kwa kila yadi ya mraba. Suruali nzito ni wakia 13 au 14. Kwa unyevu wa hapa ikishalowa jasho haikauki mpaka jioni, mapaja yanababuka. Tafuta wakia 9 au 10, yaani gramu 305 hadi 340 kwa mita ya mraba. Nyepesi kuliko hapo, bisibisi inatoboa mfuko wa nyuma mapema sana.

cherehani_buguruni
Umegusa penyewe. Mkuu, pensi nyingi zinazoletwa kwa fundi zina ugonjwa mmoja: msamba. Mtu anachuchumaa kuinua gunia, anasikia praa, kazi imesimama.

Kabla ya kushona tena, geuza pensi uiangalie ndani. Uzi umekatika na kitambaa kizima? Uzi ulikuwa mwembamba, fumua ushone kwa uzi mnene wa jinzi. Kitambaa kimechanika pembeni ya mshono? Pensi inambana, au fundi alipiga mishono midogo midogo ikawa matundu ya kuchania. Weka urefu wa milimita 3 hadi 3.5. Aina ya tatu ndiyo inayowachanganya mafundi wengi: nyuzi za bluu zimelika, zimebaki nyeupe tupu zimelala kama wavu. Huo ni msuguano wa mapaja. Jinzi hufumwa nyuzi za bluu zikisimama na nyeupe zikipita, na za bluu ndizo zimejaa upande wa nje, kwa hiyo zinakufa kwanza. Hapo kushona mstari hakusaidii kitu. Weka kiraka kwa ndani, kivuke eneo lililolika kwa sentimita 3 kila upande, kisha piga mistari mingi ya kwenda na kurudi.

Kama inabana, fumua pale mishono minne inapokutana uingize kipande cha umbo la almasi, sentimita 12 kwa 8, uzito uleule, kiwe kimeshafuliwa. Mtu anachuchumaa bila kushika kiuno.

bi_mkubwa_tandika
Kimeshafuliwa, hapo umenena. Jinzi mbichi isiyotayarishwa kiwandani inaweza kusinyaa asilimia 7 hadi 10. Ukishona kwanza na kufua baadaye, kiuno cha 34 hakifungi tena.

kata_mwenyewe
Kwa wanaokata mitumba ya Karume: mvishe mwenyewe suruali, aketi, ndipo upige chaki. Akisimama tu utakata fupi. Pensi ya kazi iishie sentimita 3 hadi 5 juu ya goti. Kata sentimita 4 chini ya alama, kunja 1, kisha kunja 3. Sindano namba 16, ukifika kwenye mshono wa pembeni weka 18. Pale pana nundu. Igonge kwanza kwa nyundo juu ya ubao, na uweke kitambaa kilichokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili ulale sawa. Sindano nyingi zinavunjikia hapo.

nili_halisi
Na rangi? Loweka kwenye maji ya chumvi na siki usiku kucha, haitoki tena.

cherehani_buguruni
Ndugu, hilo halipo. Nili, ile rangi ya bluu ya jinzi, haiyeyuki kwenye maji. Kiwandani inageuzwa kwanza ikawa ya kijani-manjano, uzi unachovywa, unatolewa hewani, unageuka bluu, unarudiwa tena na tena. Rangi inakaa juu juu ya uzi, katikati unabaki mweupe. Chumvi haina cha kushika pale.

nili_halisi
Mbona mama zetu wote wanafanya na inakubali?

bi_mkubwa_tandika
Inaonekana kukubali kwa sababu maji yameondoa rangi ya ziada, mwanangu. Maji matupu yangefanya hivyohivyo. Geuza ndani nje, maji baridi, nusu saa, peke yake, rudia mpaka maji yawe meupe. Usipige brashi. Jik marufuku, inaua nili na kuozesha pamba. Anika kivulini. Anayetumia kisima cha chumvi, maji ya mwisho yawe ya bomba, la sivyo sabuni inabaki na kitambaa kinakakamaa.

moto_wa_gereji
Naona mnajadili rangi huku watu wanaungua. Zile pensi zilizoachwa manyuzi yananing'inia, ukiwa karibu na grinda, ni utambi. Cheche ikidondokea pale hailipuki, inafuka taratibu, na mvaaji ameinama hajui mpaka joto lifike pajani. Akiruka na kupangusa kwa mkono, hewa ndiyo inawasha. Ikiwa jinzi ina mpira wa kuvutika, ule unayeyuka na kuganda kwenye ngozi.

mdau_ilala
Duh. Kwa hiyo pindo lazima likunjwe.

moto_wa_gereji
Mkuu, pindo halitoshi. Anayechomelea asivae pensi kabisa, mwanga wa kuchomelea peke yake unababua miguu. Anayemwaga zege vilevile, saruji mbichi inakula ngozi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Pensi ni ya seremala, anayepaka rangi, mpakia mizigo.

seremala_keko
Seremala sawa, lakini mfuko wa futi kamba upigwe kitambaa mara mbili.

kijana_spea
Na ribiti, vile vidude vya metali kwenye kona za mifuko, ni urembo tu au zina kazi?

cherehani_buguruni
Zina kazi. Fundi cherehani Jacob Davis wa Reno, Nevada, Marekani, alizipiga kwenye kona za mifuko kwa sababu ndipo palipochanika, na hataza (haki ya uvumbuzi) ikatoka kwake na kwa mfanyabiashara Levi Strauss tarehe 20 Mei 1873. Ila nunua na sumaku mkononi. Ikinasa ni chuma kilichopakwa, jasho na hewa ya bahari vitaitia kutu na kona itaoza. Isiponasa, chukua. Ukikosa, rudisha uzi mara nane hadi kumi kwenye kona, sentimita moja tu.