Mrejesho: shemeji aliyekuwa akijua kila ninachoandika WhatsApp

Wakuu, narudi na mrejesho. Mwezi uliopita niliuliza hapa imekuwaje shemeji ninayeishi naye ajue kila ninachoandikiana na mama kuhusu ugonjwa wake, wakati simu iko nami muda wote.

Asanteni sana, hasa aliyeniambia nifungue "Vifaa vilivyounganishwa" ndani ya WhatsApp, yaani orodha ya kompyuta na vifaa vingine vinavyosoma meseji zako. Nilikuta kompyuta ya sebuleni imo, na mimi sijawahi kuiunganisha. Nikaiondoa papo hapo, kisha nikabadilisha namba ya siri ya simu. Ya zamani ilikuwa mwaka wangu wa kuzaliwa, nyumba nzima inaujua. Niliweka pia PIN ya tarakimu 6 ya WhatsApp, ingawa hiyo inazuia mtu kusajili namba yako kwenye simu nyingine tu, kompyuta haiizuii.

Kilichoshindikana: kufuli ya alama ya kidole ya WhatsApp haikugusa SMS za M-Pesa. Ziliendelea kusomeka juu ya kioo simu ikiwa imefungwa, mpaka nilipoficha maudhui ya arifa kwenye mipangilio.

Shemeji nilimuuliza kwa upole, akakana. Bado inaniuma. Ila wiki ya tatu sasa, habari za mama hazijatoka nje.