Kolaji ya picha za zamani za familia, naombeni ushauri (Moshi)

BintiKibosho:
Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nachora kidogo na siku hizi nimenogewa na kolaji, zile za kukata picha na kuzipanga upya. Sasa bibi yangu kanipa boksi la picha za zamani, za harusi, kipaimara, misiba, watoto na nguo za Krismasi mbele ya migomba, na humo humo ziko za bibi na babu bado vijana wamekaa kitandani wanacheka, babu kavua viatu. Hakuna kitu kibaya ila ukiziangalia unajisikia kama umeingia bila hodi. Ndo hizo hizo nazitaka. Nazitumiaje bila kuziharibu? Na ni sawa kweli kuyatundika ukutani mambo ya ndani ya watu? Babu alishafariki, na mama mdogo kashaanza kununa.

FundiFremu_Ngarenaro:
Dada usipeleke mkasi kwenye orijino hata moja. Skani zote kwanza, halafu peleka steshenari upige fotokopi. Fotokopi nimesema, sio zile printa za wino za passport size, maana kuna mbinu anayotumia Njideka Akunyili Crosby, yule mchoraji Mnigeria aliyezaliwa Enugu 1983 na anafanyia kazi Los Angeles, anahamisha picha kwa asetoni. Unalaza kopi kifudifudi juu ya karatasi nzito, unapitisha kitambaa chenye asetoni mgongoni, unasugua, unga mweusi wa fotokopi unalainika na kushika kule chini. Inatoka imefifia fifia, na kwa kazi ya kumbukumbu mi naona ndo utamu wenyewe. Picha inageuka kushoto kulia kwahiyo kama ina maandishi waambie wakugeuzie kabla ya kuprinti. Fungua madirisha na usiwe karibu na jiko, inashika moto haraka sana hiyo.

MamaWawili_Arusha:
Umemtaja Njideka nimefurahi. Ukiona kazi zake kwa mbali ni watu tu wako sebuleni au chumbani, mara nyingi yeye na mumewe ambaye ni Mmarekani mzungu, wameegemeana, ukisogea ndo unakuta kuta na nguo na hata ngozi zimejaa vipicha vya albamu za kwao na magazeti ya Nigeria, yani wako wawili lakini chumba kimejaa ukoo mzima. Kuna kazi ameweka mpaka kitambaa chenye sura ya mama yake, marehemu Dora Akunyili aliyepambana na dawa feki kule NAFDAC, mamlaka ya chakula na dawa ya Nigeria, kama vitenge vyetu vya kampeni. Ila angalia, faragha anayoanika ni ya kwake mwenyewe. Wewe ni ya bibi, kwahiyo kamuulize bibi. Mama mdogo hawezi kuwa na sauti kuliko mwenye kitanda.

Meku_wa_Marangu:
Mi napinga. Bibi atakubali ili akufurahishe tu mjukuu wake. Mambo ya chumbani yaishie chumbani, mtu mmoja akipiga na simu akatupia kwenye grupu la ukoo ndo utajua hujui. Na usifikiri ukikata nyuso umemaliza, watu wa kwenu wataitambua hata shuka.

MamaWawili_Arusha:
@Meku basi bibi mwenyewe achague ipi itoke ipi ibaki, shida iko wapi? Kwani alizitunza miaka yote hiyo ili zije kuliwa na mchwa?

BintiKibosho:
Nimempigia bibi. Kasema zote nitumie isipokuwa ile babu kavua viatu, nikauliza kwanini, akasema soksi ilikuwa imetoboka hataki watu waseme alikuwa hamtunzi mumewe 😂 Kwahiyo meku upande mmoja umeshinda. Fundi, hii asetoni ni ile ile ya kutolea rangi ya kucha?

FundiFremu_Ngarenaro:
Ndio ila soma chupa vizuri, ziko nyingi zimeandikwa hazina asetoni, hizo utasugua mpaka jioni. Na ukichukua karatasi nunua na ya ziada ya kujaribia.