Korona ilitufundisha kuhusu hewa. Kwa nini maghorofa mapya ya Dar bado yanajengwa kama makontena?

Wakuu, nimevumilia miezi saba, leo nasema.

Nimepanga ghorofa ya nne kwenye jengo jipya huku Ilala, vyumba viwili na sebule. Dalali alinionyesha vigae, jipsamu, lifti, jenereta na kamera za getini. Nikalipa kodi ya miezi sita na ya mwezi mmoja ya kwake, na juzi nimelipa sita mingine. Hakuna aliyenifungulia dirisha la chumba cha watoto. Linatazama ukuta wa jengo la jirani, ukinyoosha mkono unaugusa, na katika upenyo huo wamefunga mashine za nje za viyoyozi vya ghorofa zote. Ukifungua, unapulizwa joto la watu wengine. Ukifunga, watoto wanaamka shuka zimelowa.

Jumapili saa nane mchana kusi ilikuwa inavuma, miti ya barabarani inayumba. Nikashika kipande cha tishu pale dirishani. Kikaning'inia tu, hakikutikisika hata kidogo.

Mwenye nyumba anasema niweke kiyoyozi. Achilia mbali gharama ya umeme wa LUKU. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa ya nje, kinapoza ile ile mliyokwisha kuivuta na kuitoa. Mmoja akiwa mgonjwa, mnaizungusha pamoja usiku kucha. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hewa ndani ya majengo: lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu, majumbani pia. Jengo letu limeanza kujengwa baada ya hapo! Bango la mradi lilikuwa getini na jina la mbunifu na la mkandarasi. Watu wamesoma, wamelipwa, wamegonga mihuri.

Julai 2021 tulikuwa tumepanga Magomeni, nyumba ya Kiswahili, korido katikati na ua nyuma. Baba watoto akaugua korona. Alihamia chumba cha uani, chakula namwekea kizingitini, choo cha nje kikawa chake, mchana anakaa juani chini ya mpapai. Mama mkwe na watoto hawakuugua. Mwaka huu mwezi Juni, hapa ghorofani, mtoto mmoja alirudi na mafua makali kutoka shule. Siku ya nne nyumba nzima tuko kitandani, na mama mkwe ana miaka 71, ana presha. Ningemtenga wapi yule mtoto? Jikoni?

Kinachoniuma zaidi ni bafu. Halina dirisha. Kuna feni inayotupa hewa kwenye bomba moja la ghorofa zote, na wa chini akikaanga dagaa, harufu inatokea kwenye tundu la maji la sakafuni kwangu. Nililalamika nikaambiwa ni harufu tu. Kwenye maghorofa ya Amoy Gardens kule Hong Kong, mwaka 2003, haikuwa harufu tu. Trapu za sakafuni, ile mikunjo ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia hewa chafu isipande, zilikauka kwa kukosa maji, feni za mabafu zikavuta hewa ya mabomba ya maji machafu hadi ndani, na SARS, ugonjwa wa mapafu wa jamii moja na korona, ikapita nyumba hadi nyumba. Waliambukizwa zaidi ya watu 300, wakafa 42. Tangu nisome habari hiyo, kila asubuhi namimina kopo la maji kwenye lile tundu kabla sijawasha feni. Hii kazi ilikuwa ya fundi bomba na mbunifu, leo naifanya mimi na kopo.

Na msiniambie hali ya hewa yetu ni ngumu. Nendeni Upanga mkaangalie maghorofa ya zamani: baraza mbele, madirisha pande mbili, ngazi zimejengwa kwa tofali za matundu, upepo unaingia huku unatokea kule. Waliojenga walijua kusi inatoka wapi na kaskazi inatoka wapi. Sisi tumewekewa alminiamu za kusukuma, zinafunguka nusu tu. Juu ya paa kuna kufuli, nguo naanika sebuleni, na watoto wanacheza kati ya magari yanayorudi nyuma.

Wanaotoa vibali vya ujenzi, kabla ya kugonga muhuri shikeni ramani muulize: upepo unaingia wapi na unatoka wapi? Bafu lina dirisha? Kuna mahali pa mgonjwa kukaa peke yake, pa mzee kuota jua? Kama hakuna, mrudishieni mbunifu akachore upya.

Anayejua utaratibu wa kupeleka malalamiko haya manispaa aniandikie hapa, barua ninayo na majirani sita wameshasaini. Na mkataba wangu unaisha Januari. Mwenye kujua nyumba ya madirisha pande mbili na uwanja wa kuanikia, Upanga hadi Temeke, anishtue. Hata ikiwa haina lifti wala vigae, nitahamia.