Necta, mtihani wa taifa, inakaribia, nikishika pepa kichwa kinagoma. Nifanyeje?

binti_wa_mbagala
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Niko kidato cha nne shule ya kutwa, nasoma arts, na necta ndo hiyo novemba. Shida sio kwamba sisomi jamani, nakesha mpaka saa nane usiku miguu iko kwenye beseni la maji ya baridi nisisinzie, alfajiri nagombania daladala, nikifika darasani nalala kwenye dawati. Mock, ule mtihani wa majaribio, nimetoka na divisheni 4 ya pointi 27. Jiografia nilikuwa nimeiva kabisa, ile kufungua karatasi tu moyo unaenda mbio, viganja jasho mpaka kalamu inateleza, nasoma swali la kwanza narudia narudia haliingii. Nimetoka nje ya chumba majibu yote yanakuja!! Halafu nyumbani baba mdogo kila tukikaa kula lazima amtaje mtoto wa jirani aliyepata divisheni 1, sasa hivi hata ugali haushuki. Aliyepitia hii aniambie alifanyaje.

koroboi_original
Sisi tulisoma na koroboi, daftari moja masomo matatu, na tulifaulu. Nyie mna simu mna umeme mnakuja na habari za presha. Futa TikTok uone kama hiyo presha haitaisha.

mwl_chaki
Marahaba mwanangu. Huyo wa koroboi mwache, hao aliosoma nao wakafeli hawapo hapa kutuhadithia.

Tuanze na hiyo 27 maana naona unaiogopa bure. Pointi zinahesabiwa masomo 7 uliyofanya vizuri zaidi, C ni 3, D ni 4, na pointi zikiwa chache ndo vizuri. Kwahiyo 27 inaweza kuwa C moja na D sita. Ukigeuza D mbili tu ziwe C unakuwa na 25, hiyo ni divisheni 3, na C tatu unazo. Na C inaanzia alama 45, D inaishia 44. Angalia karatasi zako za mock, kama kuna somo una 41 au 43 hilo ndo la kufa nalo, usihangaike na masomo yote kwa nguvu sawa kama unapalilia shamba la kijiji.

Pili acha kusoma notisi tu. Notisi ukizisoma mara ya tano zinakudanganya, unaona unajua kumbe umezizoea macho. Chukua pepa za nyuma za necta, weka saa masaa matatu, kaa mezani peke yako daftari limefungwa, jibu mpaka muda uishe. Fanya hivyo kila wikiendi. Ukija kuingia kwenye chumba chenyewe mwili unakuwa umeshazoea ule ukimya na zile saa.

dada_nesi
Mdogo wangu lile beseni mwaga leo. Ulichosoma mchana kinakaa kichwani ukiwa umelala, sasa ukikesha unajaza maji kwenye pakacha. Saa nne au saa tano lala, ukitaka amka saa kumi ukiwa na akili mpya. Na kama unakunywa kahawa au zile enaji za kopo za jioni acha, zinakaa mwilini masaa mengi na zenyewe zinafanya moyo udunde.

Siku ya mtihani moyo ukianza mbio weka kalamu chini, vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa mdomo, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, rudia mpaka mabega yashuke. Halafu usianze swali la 1 kama ni gumu, tafuta lolote unalolijua, andika hilo kwanza, mkono ukishatembea mengine yanafuata.

Ila kama huli kwa siku kadhaa au unawaza kujidhuru, hapo sio tena mambo ya pepa. Ongea na matroni au mwalimu wa malezi, au piga 116, simu kwa mtoto, ni bure.

koroboi_original
Sawa nimenyamaza. Ila TikTok afute.

binti_wa_mbagala
😂😂 nimeifuta tangu mwezi wa saba babu. Asanteni sana, nimetoa karatasi kweli jiografia nina 43, historia 41, sikuwahi hata kuziangalia nilizitupa chini ya godoro. Kuhusu kula, nakula shuleni, ni pale mezani tu ndo panakwama. Sasa baba mdogo namwambiaje mimi mtoto?

mwl_chaki
Wewe usimwambie. Una shangazi au bibi anayemsikiliza? Mpelekee huyo na hizo karatasi mbili, yeye ndo akaongee nae. Na mwalimu wako wa darasa aombwe ampigie, mzazi akisikia kwa mwalimu kwamba zimebaki alama mbili kufika C anaacha habari za jirani anaanza kukuuliza umekula.