Naomba ushauri: nani amkague mwanachuo wa ualimu wa fizikia, shule ya elimu au idara ya fizikia?

Wakuu, habari za majukumu. Naomba uzoefu wenu, hasa mlio vyuoni.

Hapa Tabora, mwanachuo wa ualimu anasoma masomo mawili ya kufundishia kwenye idara zake, na mbinu za kufundisha kwenye shule ya elimu (yaani kitengo cha chuo kinachoshughulikia ualimu). Pande hizi mbili zinakutana kwenye ratiba tu, tena kwa kugongana. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wakaguzi karibu wote ni wa shule ya elimu.

Kasoro inajitokeza hivi: mwanachuo anafundisha sheria ya Ohm, voltmita kaiunga kwa mfululizo na balbu. Balbu haiwaki kwa sababu ukinzani wa voltmita ni mkubwa mno. Mkaguzi anaandika "zana nzuri, sauti inasikika", anampa alama za juu, anaondoka. Mkaguzi wa fizikia angeliona hilo kabla hata swichi haijafungwa, ila huyo naye andalio la somo hajui kulisoma.

Tunafikiria kukagua wawili wawili: fomu moja, sehemu ya maudhui ijazwe na idara, ya mbinu ijazwe na shule ya elimu, kisha wakae na mwanachuo pamoja. Kwa shule za mjini, kama Milambo na Kazima, inawezekana. Kaliua na Sikonge, nauli na posho ni mara mbili.

Waliojaribu: posho inatoka fungu la nani? Wakaguzi wakitofautiana sana, alama ya nani inasimama? Na saa hizo zinahesabiwaje kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri wa idara? Zisipohesabiwa, sioni atakayekubali kwenda.