Naomba ushauri: mwanangu wa miaka 4 hataki tena kupaka rangi, kila mara ananiambia "nichoree wewe"

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Nina watoto wawili, mkubwa ana miaka 4 na miezi, mdogo ana mwaka 1 na nusu. Hivi karibuni niliamua kuwatengea saa moja jioni ya kupaka rangi na kutengeneza vitu kwa mikono, tuwe na kitu chetu mbali na simu. Nikanunua rangi za maji, brashi na karatasi.

Siku ya kwanza nikamchorea mkubwa samaki mzuri tu, nikamwambia na wewe chora kama huyu. Akajaribu. Akatazama wake, akatazama wangu, akaweka brashi chini. Tangu siku hiyo kila tukikaa ananisogezea karatasi: "Mama, nichoree wewe, mimi sijui." Huyu ni mtoto aliyekuwa anachora mpaka ukutani kwa kipande cha mkaa, leo anasema hajui. Inaniuma kwa kweli.

Mdogo naye kila anachoshika kinaenda mdomoni, kwa hiyo naishia kumbeba mgongoni huku analia anataka brashi. Nisaidieni: ni kazi gani rahisi zitamrudisha mkubwa, na huyu mdogo nimshirikishe vipi bila hatari?

Mwalimu_wa_Awali

Pole sana mama. Nimekaa na watoto wa umri huo miaka mingi, na hicho unachoeleza nimekiona mara nyingi. Aliyemkatisha tamaa ni yule samaki wako. Mtoto wa miaka 4 anajua kabisa samaki anafananaje, ila mkono wake bado haujafika huko. Kwa kawaida karibu na miaka 3 mtoto anaweza kufunga duara, kwenye 4 anachora msalaba, mraba unakuja baadaye kidogo, na pembetatu wengi hawaiwezi mpaka wakaribie 5 au wavuke. Sasa umempa samaki mwenye mapezi na magamba. Amepima mwenyewe, akaona hafiki.

Kwa sasa acha kuchora mifano. Mpe kazi ambazo hazina sahihi wala kosa. Mimi huanza na mshumaa mweupe. Chukua karatasi nyeupe, mwambie akwaruze kwa mshumaa popote anapotaka, akandamize kwa nguvu. Karatasi itaonekana tupu. Kisha mpe rangi ya maji iliyozimuliwa sana, apitishe brashi juu. Nta inakataa maji, kwa hiyo mistari yake inajitokeza nyeupe katikati ya rangi. Angalia uso wake mstari wa kwanza unapotokea. Hapo hakuna wa kumlinganisha naye, maana hata wewe hukujua kitatokea nini.

Nyingine ni jani. Laza jani chini, upande wenye mishipa ukiangalia juu, weka karatasi nyembamba juu yake, kisha asugue kwa ubavu wa krayoni iliyovuliwa ganda. Mishipa yote inatoka. Atataka majani yote ya uani.

Na akimaliza usimuulize "hii ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba hukuitambua. Mwambie tu unachokiona: "Naona umezungusha bluu hapa, halafu ukaenda mpaka ukingoni." Atakusimulia mwenyewe.

BabaMzoefu

Mwalimu kamaliza kuhusu mkubwa. Mimi nizungumzie mdogo, maana wangu naye alikuwa anakula kila kitu.

Kwa umri huo maji matupu yanatosha. Mpe kikopo chenye maji kidogo na brashi pana, kama ile ya kupakia ukuta lakini mpya, mtoe nje apake sakafu ya saruji, mlango, mawe. Maji yanageuza saruji nyeusi, jua linakausha, anarudia. Yangu ilikuwa kukaa karibu tu, kwa sababu ya kile kikopo.

Akitaka rangi kweli, pika mwenyewe. Kikombe 1 cha unga wa ngano, vikombe 3 vya maji. Koroga unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabuja yaishe, chemsha vile viwili vingine, mimina mchanganyiko huo humo taratibu vikiwa bado jikoni, huku unakoroga mpaka ichemke na kuwa kama uji mzito. Ikipoa gawa kwenye vikopo, tia rangi ya chakula. Hiyo ni ya kupaka kwa vidole, na akilamba kidogo hutakuwa na wasiwasi kwa sababu unga umeiva. Usitumie unga mbichi kwa mtoto anayelamba, unaweza kuwa na vijidudu vya kuumiza tumbo. Hifadhi kwenye friji, ikianza kunuka mwaga.

Dada_Rangi

Mimi napishana kidogo na mwalimu. Nachora na watoto wangu kila wiki na hawajawahi kukata tamaa. Mzazi akikaa pembeni amekunja mikono anaonekana kama msimamizi wa mtihani.

Mwalimu_wa_Awali

Dada yangu, hapo tuko pamoja. Kaa chini, chukua karatasi yako, paka. Ila fanya anachofanya yeye: madoa, mistari, kuchanganya rangi. Akizungusha, na wewe zungusha. Kinachoumiza ni kuchora kitu kilichokamilika halafu kumwambia "kama hiki", au kuchukua brashi yake ili kumrekebishia.

MamaWawili

Kumrekebishia nilifanya. Nilimuongezea jicho yule samaki wake. Sikufikiria kabisa kama ni kosa.

Nesi_wa_Watoto

Mama usijilaumu, karibu sote tumewahi kuongeza jicho.

Niongeze ya usalama, maana hapa sipendi kupita haraka. Rangi za mafuta za kupaka nyumba zisikaribie watoto hata kama zimebaki kidogo kwenye kopo. Baadhi zina madini ya risasi, na hayo yanadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Tafuta zilizoandikwa kwamba ni za watoto na zinatoka kwa maji. Rangi ya akriliki ikishakauka kwenye nguo haitoki, waachie wakubwa.

Kwa chini ya miaka 3, shanga, vifungo, macho ya plastiki ya kubandika na sumaku ndogo viondoe mezani. Kipimo cha nyumbani: kikipita kwenye bomba la karatasi ya chooni, kinaweza kumkaba. Na zile shanga zinazovimba kwenye maji usiziingize ndani kabisa, zikimezwa zinavimbia tumboni na kuziba utumbo.

Fundi_Karatasi

Kwa mkubwa jaribu pia donge la chumvi: vikombe 2 vya unga, 1 cha chumvi, maji karibu kikombe 1, yatie kidogo kidogo. Kanda mpaka lisishike mikononi. Afinyange vitu vyembamba, viache vikauke siku kadhaa au oka kwa moto mdogo, nyuzi 100 hivi, saa 2 au 3, kisha apake rangi. Ila donge hilo mweke mbali nalo mdogo, na mbwa kama mnaye, chumvi ni nyingi mno.

Kuhusu uchafu: tone la sabuni ya maji kwenye kila kikopo cha rangi, itatoka kwa urahisi zaidi kwenye nguo. Na vunja krayoni zote vipande vifupi. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimisha kutumia ncha za vidole, na ndio mwanzo wa kushika kalamu vizuri.

MamaWawili

Narudi na mrejesho baada ya wiki 2.

Mshumaa ulikuwa ndio ufunguo. Mara ya kwanza alikataa, akasema "hakuna kitu hapo." Nikamwacha, nikakwaruza karatasi yangu, nikapaka. Mistari ilipotokea alininyang'anya mshumaa. Tulimaliza karatasi 11 jioni moja. Sasa anaficha mistari kisha ananiita nipake mimi, nigundue alichoandika. Mara nyingi ni duara ndani ya duara, na nimejifunza kusema tu, "umeweka dogo ndani ya kubwa."

Mdogo anapaka maji kwenye ngazi ya nyuma kila jioni na halii tena. Rangi ya unga nilipika mara moja ikatoka na mabuja, ya pili ilikaa sawa, asante BabaMzoefu.

Jana nimemkuta mkubwa peke yake mezani na karatasi mpya. Amechora kitu kirefu chenye doa moja jeusi karibu na ukingo. Nimekaa pembeni yake, nikasema naona doa jeusi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ni jicho. Nimeliweka mimi."