Naomba ushauri: dayorama ya Lancaster ikipakiwa mabomu, East Kirkby, Novemba 1943 (skeli 1:72)

Kabari_Mbili
Wakuu, habari za jioni. Nina modeli ya plastiki ya Lancaster (ndege ya Kiingereza ya kudondosha mabomu, Vita Kuu ya Pili) ya kampuni ya Airfix, 1:72, nataka kuiweka kwenye kibao cha sentimita 60 kwa 60 ikiwa inapakiwa mabomu ya kwenda Berlin. Kambi ni East Kirkby, Lincolnshire, skwadroni ya 57, herufi za ubavuni DX. Naomba kujua mzigo sahihi, rangi za mabomu na nani asimame wapi. Mkononi nina mabomu 14 ya ratili 500 yaliyobaki kwenye boksi la ndege ya Kimarekani. Nafikiria kuyarundika chini ya bawa. Nataka pia boza la mafuta, trekta, baiskeli, na marubani wakipanda ngazi.

Mzee wa Winchi
Mkuu, hayo 14 yarudishe kwenye boksi. Bomu la Kimarekani lina mkia wa mapezi ya mraba na vitanzi viwili vya kuning'inizia mgongoni. La Kiingereza lina kitanzi kimoja, na mkia wake ni koni yenye mapezi manne yaliyozungushiwa pete. Yeyote anayeijua Lancaster ataona kosa hilo kabla hajaangalia ndege yenyewe. Ni kweli RAF (jeshi la anga la Uingereza) walikuja kubeba mabomu ya Kimarekani, lakini si kwenye tukio lako la Novemba 1943.

Mzigo wa kawaida wa kuchoma mji ulikuwa bomu moja la ratili 4,000, lile waliloliita Cookie, pamoja na makasha 12 ya mabomu ya moto. Kasha waliliita SBC. Tumbo la Lancaster lina urefu wa futi 33 bila kizuizi katikati, na sehemu 15 za kuning'iniza. Cookie hukaa katikati, makasha humzunguka mbele, nyuma na pembeni. Milango ya kawaida ya tumbo inamtosha. Milango iliyovimba ni ya bomu la ratili 8,000 kwenda juu, usiiweke.

Vipimo: Cookie ana kipenyo cha inchi 30 na urefu wa inchi 110 hivi. Kwa 1:72 ni milimita 10.6 kwa 39. Mwili wa maka peni nyingi unakaribia unene huo. Kata, ziba ncha zote mbili kwa plastiki bapa, piga msasa. Usichonge pua. Cookie ni pipa tu la bati jembamba, kama robo tatu ya uzito wake ni baruti, na kazi yake ni mgandamizo wa hewa ung'oe mapaa ili mabomu ya moto yaingie ndani. Watu humchongea pua kali kwa sababu wanadhani kila bomu lazima lifanane na samaki.

Rangi ya Udongo
Naongezea rangi. Mabomu ya mwanzo wa vita yalikuwa ya manjano hafifu, na picha za rangi za 1940 na 1941 ndizo zinazopotosha wengi. Kwa mwishoni mwa 1943 paka kijani cheusi, kisha pete nyembamba nyekundu karibu na pua kuonyesha kwamba limejazwa, na nyuma yake pete ya kijani hafifu kuonyesha ni baruti kali. Maandishi yalipigwa kwa stensili, na kwa skeli hii vistari vichache vinatosha.

Bomu la moto la ratili 4 lina pembe sita ili yapangike bila nafasi ndani ya kasha. Mwili ni magnesi, kijivu cha chuma kisichong'aa. Kwa 1:72 upana wake haufiki milimita moja, kwa hiyo usijitese kutengeneza moja moja: chora mistari kwenye kipande cha plastiki, kizibe ndani ya kasha, halafu gundisha vyuma vyembamba vya kuzuia upande wa chini, maana kasha liko wazi chini. Ukitaka rangi ichangamke, weka kasha moja la mabomu ya ratili 30. Hayo yalikuwa mekundu.

Ndege: mgongo kahawia ya udongo na kijani cheusi, ubavu na tumbo nyeusi isiyong'aa. Herufi DX nyekundu iliyofifia. Usipake nyeusi tupu. Changanya na kijivu kidogo, la sivyo mistari yote ya mwili itapotea.

Bolti Legevu
Kurundika mabomu chini ya bawa hapana kabisa. Ghala la mabomu lilikuwa pembeni kabisa ya kambi, mbali na mabweni na karakana, kila rundo limezungukwa na kuta za udongo ili likilipuka moja mengine yasalimike. Fataki, yaani viwashio vya kulipulia mabomu, zilihifadhiwa jengo lake. Mabomu yalifungwa mikia, yakaandaliwa, yakapangwa kwenye matela, kisha trekta, David Brown au Fordson, likavuta msururu hadi kwenye ndege. Yanayofika ndiyo yanayopakiwa.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Fauld, Staffordshire, tarehe 27 Novemba 1944, ghala la chini ya ardhi lenye maelfu ya tani lililipuka na kuua watu wapatao 70. Sababu inayotajwa ni fundi kutoa sehemu ya kilipuzi kwa patasi ya shaba badala ya kifaa cha mbao. Shimo lake lipo hadi leo.

Upakiaji ulikuwa hivi: winchi za mkono ziliwekwa ndani ya ndege, juu ya sakafu, kebo zikashushwa kupitia matundu hadi tumboni. Bomu lilifungwa kwanza kwenye kishikizo chake likiwa bado kwenye tela, tela likasogezwa chini ya tundu, likavutwa juu hadi kishikizo kikajifunga. Kisha vikakazwa vyuma vya kuzuia lisiyumbe. Visipokazwa, bomu linacheza angani na huenda lisitoke sawasawa. Kwa hiyo nusu ya mafundi silaha hawaonekani, wako ndani wanazungusha mkono wa winchi. Chini weka watatu au wanne: mmoja anaongoza bomu kwa mikono, mmoja ameinama anaangalia kitanzi, mmoja anapaza sauti kwa wa juu. Kebo itengeneze kwa uzi wa milimita 0.2, uvutike hasa. Uzi uliolegea unaharibu kazi yote.

Mzee wa Winchi
Hapo kwa wafanyakazi watu huchanganya. Ndege ilikuwa na mafundi wake wa kudumu, wa injini na wa mwili. Mafundi silaha walikuja na matela, wakimaliza wanakwenda ndege nyingine. Marubani wakati huo hawapo. Mabomu yalipakiwa mchana, wao walifika jioni kwa lori au basi, wakati matela yameshaondoka. Chagua wakati mmoja tu wa siku, mkuu. Mimi ningechukua saa nane mchana: Cookie yuko nusu ya safari kwenda juu, makasha manne bado kwenye tela.

Boza unaweza kuliweka linaondoka ukingoni mwa kibao. Lile la AEC Matador lilibeba galoni 2,500, na limo kwenye seti ya zamani ya Airfix ya kujazia mafuta. Lancaster yenyewe ilichukua galoni 2,154, karibu tani 7, na ndiyo maana safari ya Berlin ilipunguza mabomu: uzito wa kuruka una kikomo, mafuta yakipanda mabomu yanashuka.

Kabari_Mbili
Nimewaelewa. Ardhi je? Na nikiweka Tallboy badala ya Cookie itakuwaje?

Bolti Legevu
Tallboy ya ratili 12,000 ilitumika kwa mara ya kwanza Juni 1944, na iliachiwa skwadroni za 617 na 9. East Kirkby haimo.

Ardhi: maegesho ya ndege ya duara ya futi 150 yanakuwa sentimita 63 kwa skeli yako, hayaenei, kwa hiyo onyesha sehemu tu ya duara na ukingo wenye nyasi. Zege ni jipya, kambi ilifunguliwa Agosti 1943, lipake kijivu cheupe, viungo vya vibao viwe na lami. Novemba Lincolnshire ni tope: alama za matairi ya trekta zitoke kwenye nyasi ziingie zegeni, si kinyume. Madoa ya mafuta yawe chini ya injini zote nne. Pembeni jenga kibanda cha mafundi cha mbao za makasha chakavu, bomba la jiko likitoka juu, baiskeli mbili zimeegemea. Bati la migongo unalipata kwa kopo la soda: sugua kwa bolti yenye nyuzi nyembamba.

Shaba na Risasi
Niingilie kidogo. Kuna jamaa kwenye uzi mwingine wa jukwaa anauza ganda la bomu la kale "la mapambo". Msinunue ganda lolote lisilo na cheti kwamba halina baruti, na msikate wala kutoboa kitu mlichookota. Mabomu ya kuchelewa kulipuka ya wakati ule yalitumia asetoni kulainisha diski ya selulodi inayozuia pini ya kulipua, na diski hiyo inazidi kuchoka mwaka hadi mwaka. Oranienburg, Ujerumani, iliyopigwa Machi 1945, bado wanayategua. Ukikuta kitu cha namna hiyo, kiache, zuia watu, ita polisi.

Kabari_Mbili
Sawa wakuu. Swali la mwisho: milango ya tumbo niikate kabla au baada ya kuunganisha mwili?

Rangi ya Udongo
Kabla. Paka ndani ya tumbo, pitisha nyuzi za winchi kwenye matundu ya sindano ya milimita 0.4, ziache ndefu, ndipo ufunge mwili. Cookie mfunge mwishoni, ndege ikiwa imeshasimama kwenye magurudumu.